Kadi za S7-300 zinaelekea kuadimika: ununue zipi, ngapi, na kwa nani?

Swali: Mtaalamu, mimi ni fundi umeme kiwandani. Tuna laini mbili za uzalishaji, zote zinaendeshwa na PLC (kompyuta za kuendesha mitambo) za Siemens S7-300 zilizofungwa kabla sijaajiriwa. Juzi kadi moja ya analogi ilikufa, hatukuwa na ya akiba, tukasimama siku nne. Sasa mkuu wa matengenezo anataka nimletee orodha ya kadi za kuweka stoo, lakini bajeti aliyoitaja haifikii hata nusu ya kadi zilizomo kwenye paneli. Kuna muuzaji mtandaoni ana kadi ileile, anasema ni mpya kwenye boksi, kwa theluthi ya bei ya wakala. Ninunue zipi, ngapi, na huyu muuzaji nimwamini?

Jibu: Usimlipe bado. Simwiti tapeli, kadi yake inaweza kuwa nzima kabisa. Ila hujajua kama hiyo ndiyo kadi unayoihitaji kuliko nyingine zote. Fundi anayeanza na ofa aliyoiona hujikuta na stoo iliyojaa vitu vya bei nzuri, na siku mtambo ukisimama kinachokosekana ni kile ambacho hakuna aliyekitolea ofa. Huyo muuzaji nitamrudia.

Anza kwa kufungua paneli. Usitegemee michoro, kwa sababu michoro inaeleza hali ya siku mtambo ulipokabidhiwa, na tangu hapo watu wamebadilisha kadi usiku wa manane bila kurekebisha karatasi. Piga picha kila kadi na unakili namba ya oda yote, kwa mfano 6ES7 331-7KF02-0AB0. Ukimwandikia muuzaji "kadi ya analogi ya ingizo nane" atakuletea anachokijua yeye. Katika namba hiyo, 331 ni kundi la kadi za ingizo za analogi, yaani zinazopokea vipimo vya sensa, na 02 ni toleo. Kwa kawaida toleo jipya hukaa mahali pa la zamani bila shida, lakini la zamani kukaa mahali pa jipya si jambo la kulichukulia hivyohivyo.

Kwenye CPU, ile kadi inayoendesha programu, andika pia toleo la programu dhibiti (firmware), na uangalie inatunzaje programu yenu. CPU za mwanzo za familia hii zilitunza programu kwa betri. Zilizofuata zinatumia kadi ndogo ya kumbukumbu iitwayo MMC na bila hiyo haziendi. Unaweza kukuta mbili zimeandikwa CPU 315-2 DP usoni, moja ya betri na nyingine ya MMC, na usizibadilishe bila kurekebisha usanidi kwenye programu. Ukinunua ya MMC, nunua na MMC yenyewe, maana mara nyingi huuzwa peke yake. Na mtu yeyote asije akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini na kukubali Windows inapomwomba aifomati. Muundo wa ndani unafutika na kadi inakuwa haina kazi.

Ukishapata orodha, ipange kwa hasara, kadi ghali haina haki ya kutangulia kwa sababu ya bei yake. Kila kadi iulize: hii ikifa sasa hivi, nini kinasimama, na kuna njia ya kuendelea bila hiyo? CPU ikifa laini nzima inasimama, hilo halina mjadala. Kadi ya ingizo ya dijitali, inayosoma kuwaka au kuzimika tu, ikipoteza chaneli moja, pengine kuna chaneli ya akiba jirani, utahamisha waya na kubadilisha anwani kwenye programu, kazi ya nusu saa. Kadi inayoonyesha joto la maji kwenye skrini tu, bila kuamua chochote, inaweza kusubiri wiki. Utashangaa orodha inavyopungua ukiipitia hivyo.

Mfano mzuri ni usambazaji wa umeme. Wengi huandika PS 307 juu kabisa kwa kuwa bila umeme hakuna kitu. Lakini PS 307 inakaa tu kwenye reli; haijaungwa na basi ya nyuma ya kadi, yaani njia ambayo kadi huwasiliana kwayo. Kazi yake ni kutoa volti 24 za DC. Siku ikifa, usambazaji wowote wa viwandani wa volti 24 wenye ampea za kutosha unaweza kuishika kazi, hata wa kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo nunua mmoja wa kawaida, wa bei ya chini, utumike kwa paneli zote mbili, na fedha ya PS 307 ipeleke kwingine.

Sasa idadi. Hapa watu hukisia, na sioni sababu, maana hesabu yake si ngumu. Unahitaji vitu viwili: kadi za aina hiyo hufa ngapi kwa mwaka kwenu, na kadi mpya huchukua muda gani kufika tangu siku ya kuomba, ukijumlisha siku za vibali, ununuzi na forodha. Tuseme mna kadi 40 za aina moja na kumbukumbu zenu zinaonyesha nne zimekufa katika miaka mitano. Hiyo ni 0.8 kwa mwaka. Kadi mpya ikichukua wiki 16, katika muda huo mnategemea vifo 0.8 × 16 ÷ 52, yaani karibu 0.25. Kwa kanuni ya Poisson, ambayo programu yoyote ya majedwali inayo, bila kadi ya akiba uwezekano wa kukwama katika kipindi hicho ni kama asilimia 22. Ukiwa na moja stoo unashuka hadi chini ya 3. Ukiwa na mbili ni kama 0.2. Kadi ya kwanza imekununulia usalama mkubwa, ya pili kidogo, ya tatu karibu hakuna. Kwa bajeti yako, hilo lina maana moja: kadi moja moja ya kila aina muhimu kwanza, kabla ya mbili mbili za aina yoyote.

Hesabu hiyo inafaa mradi kadi bado inaagizika. Ikikoma kuuzwa na ukataka kununua mara moja kwa miaka kumi, mambo hugeuka. Vifo 0.8 kwa mwaka mara miaka kumi ni vinane, na mtu wa ununuzi atakuambia, basi nunua nane. Nane ni wastani tu. Ukinunua nane, uwezekano wa kuishiwa kabla ya miaka kumi kwisha ni kama asilimia 41. Ili ushuke hadi karibu asilimia 3 unahitaji 13. Hapo nimechukulia kwamba kadi hufa kila moja kwa wakati wake na kwa kasi ileile kila mwaka. Kadi zikizeeka kasi hupanda, na radi ikipiga laini ya umeme inaweza kuua tano kwa mpigo. Kwa hiyo 13 ni kiwango cha chini.

Hilo linakuhusu moja kwa moja. Familia ya S7-300 ilitoka katikati ya miaka ya 1990, na Oktoba 2023 Siemens iliiingiza rasmi kwenye hatua ya kuondolewa sokoni, pamoja na ET 200M, mfumo wa kuweka kadi mbali na CPU, ambao hutumia kadi zilezile. Vipuri vimeahidiwa hadi 2033. Hiyo haimaanishi bei itabaki hapo ilipo hadi 2033, wala kwamba kila namba ya oda itakuwa kwenye rafu ya wakala. Familia nyingine zimepita njia hiyohiyo: PLC-5 ya Allen-Bradley ilisitishwa mwaka 2017 baada ya kuuzwa kwa takriban miaka thelathini, na bado kuna viwanda vinaitegemea. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha kusimamia vifaa vinavyopitwa na wakati, IEC 62402. Ukikipata kisome, lakini usisubiri kukimaliza ndipo uanze.

Nirudi kwenye kadi iliyowaua siku nne, maana nahisi siku mojawapo kati ya hizo haikupotea kwa kusubiri kadi. Kama ni hiyo 7KF02, ubavuni ina vipande vinne vidogo vya plastiki vinavyochomolewa na kugeuzwa, kila kimoja kikihudumia chaneli mbili. Vina alama A, B, C na D, na mshale kwenye kadi unaonyesha ipi imechaguliwa. Kadi mpya hutoka kiwandani ikiwa kwenye B, yaani volti. Sensa za miliampea 4 hadi 20 zenye waya nne zinataka C. Zile za waya mbili, zinazolishwa umeme na kadi yenyewe, zinataka D. Fundi akichukua kadi mpya, akaichomeka usiku bila kugeuza vipande hivyo, namba zinazosomeka hazitakuwa na maana, ataanza kulaumu sensa, kisha waya, kisha programu. Mwongozo wa kadi unaonya kwamba mpangilio usio sahihi unaweza kuiharibu. Dawa yake ni bisibisi ndogo na karatasi: kila kadi ya analogi iliyoko stoo iwe na karatasi inayosema inakaa wapi na vipande vyake vikae kwenye herufi gani, chaneli kwa chaneli. Afadhali zaidi, vipange mapema kabisa kama kadi ina mahali pamoja tu inapoweza kwenda.

Kitu kingine cha ukubwa wa ncha ya kidole: kiunganishi cha mbele. Kadi mpya ina ufunguo wa plastiki ambao, mara ya kwanza unapofunga kiunganishi, sehemu yake hukatika na kubaki ndani ya kiunganishi, ili baadaye mtu asichomeke kiunganishi cha kadi ya aina nyingine. Kwa hiyo unapobadilisha kadi na kurudisha kiunganishi cha zamani, lazima kwanza utoe ufunguo ulio kwenye kadi mpya, la sivyo vinagongana na hakiingii. Nimeona watu wakikilazimisha kwa kiganja. Nunua pia viunganishi viwili vitatu vya akiba, vya pini 20 na vya pini 40 kulingana na kadi zenu, na vile vipande vidogo vya basi vya nyuma. Ni vitu vya bei ndogo ambavyo havipatikani jioni ya Jumamosi. Na kumbuka kwamba kwenye reli kuu ya S7-300 kadi haichomolewi mtambo ukiwa na umeme; uwezo huo uko kwenye ET 200M yenye moduli maalumu za basi, siyo hapo.

Ufunguo huohuo unanirudisha kwa muuzaji wako. Mwombe picha za kadi yenyewe anayoiuza, siyo za katalogi: uso, ubavu, nyuma, lebo yenye namba ya mfululizo, na sehemu ya kiunganishi ikiwa wazi. Kadi mpya ina ufunguo wake mzima. Ukikuta umekatika, ile kadi imewahi kufungwa, hata kama boksi limefungwa kwa gundi ya kuvutia. Tazama pia skrubu ya kufungia relini kama ina mikwaruzo ya bisibisi, na dhahabu ya pini kama ina mistari. Lebo yenye maandishi yaliyofifia kidogo au herufi zisizofanana na za kadi zako ni sababu ya kutosha kuacha. Kisha uliza: imejaribiwaje? Jibu la "tuliiwasha, taa zikawaka" halitoshi kwa kadi ya analogi. Unataka kusikia kila chaneli ilipewa miliampea ngapi na ikasoma nini. Mwisho uliza waranti inaanza siku ya kuuza au siku ya kupokea, na nani analipia usafirishaji wa kuirudisha. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Simaanishi kwamba kadi iliyotumika haifai. Kadi ya dijitali iliyotumika, iliyojaribiwa kwa mzigo, kwa theluthi ya bei, mimi ningeinunua bila kusita na nikaiandika wazi kwamba ni ya mtumba. Kwa kadi za usalama msimamo wangu ni mwingine. Zile za rangi ya njano zinazohusika na kusimamisha mashine kwa dharura, mapazia ya mwanga na milango, nunua kwa wakala pekee. Kiwango cha usalama kilichokokotolewa kwa mtambo wenu kinategemea kifaa chenye historia inayojulikana. Kadi hizo pia zina swichi ndogo za anwani nyuma, na zikipangwa vibaya mfumo utagoma kuanza. Piga picha ya swichi hizo kwenye kadi zilizopo sasa, mtambo ukisimama kwa matengenezo.

Kadi iliyokufa iko wapi? Kama bado iko, usiitupe. Mawakala wa watengenezaji wakubwa wengi huwa na utaratibu wa kupokea kadi mbovu na kukupa iliyokarabatiwa kwa bei ya chini ya mpya. Na mafundi wa bodi za kielektroniki wanaweza kurejesha kadi nyingi za kutolea ishara, ambapo mara nyingi kilichoungua ni transista au relei ya chaneli moja.

Kuhusu stoo nitasema machache. Kadi zikae kwenye mifuko yao ya kuzuia umeme tuli, mahali pakavu na pasipo joto, siyo juu ya kabati la ofisi ya fundi karibu na dirisha. Kapasita za elektroliti, zilizomo hasa kwenye usambazaji wa umeme, huharibika zikikaa miaka bila umeme, na kwenye paneli umri wake hupungua kwa karibu nusu kila joto likipanda nyuzi 10. Ndiyo maana kabla ya kununua kadi ya bei kubwa ningesafisha vichujio vya feni za paneli. Kama kiwandani kwenu kuna gesi zenye salfa au klorini, joto si adui pekee. Kiwango cha ISA-71.04 kinapima hewa kwa jinsi kinavyoliwa kipande cha shaba, na mahali kinapozidi angstromu 300 (kipimo cha unene mdogo mno) kwa mwezi umeshatoka kwenye daraja la hewa salama kwa kadi. Hapo unaweza kununua kadi kila mwaka na tatizo likabaki lilelile ukutani.

Kadi ikifika, ijaribu. Usiipeleke stoo ikiwa kwenye boksi lake ukisubiri siku ya dharura ndipo ugundue ni mbovu, waranti ikiwa imekwisha miezi mingi. Tengeneza meza ndogo: reli fupi, CPU moja, usambazaji wa volti 24, kifaa cha kutoa miliampea. Kwa kadi ya analogi iliyopangwa 4 hadi 20, toa 4 usome 0, toa 12 usome 13824, toa 20 usome 27648, kwenye kila chaneli. Iache iwake siku mbili tatu, kisha andika tarehe juu ya mfuko. CPU ya meza hiyo ndiyo iwe CPU yako ya akiba, ikiwa na MMC yenye programu ya laini ya kwanza na nyingine pembeni ya laini ya pili.

Programu nayo ihakikishe sasa. Ukiivuta kutoka kwenye CPU ya S7-300 utapata programu inayofanya kazi, lakini majina na maelezo waliyoandika waliotengeneza hayamo humo. Yako kwenye faili la mradi tu. Tafuta nani analo faili hilo, kwenye kompyuta ipi, na kama Step 7 (programu ya Siemens ya kuandikia PLC) iliyolitengeneza bado inawaka. Kama kuna nenosiri kwenye CPU, litafute leo wakati aliyeliweka bado anapokea simu.

Kwa bajeti uliyonayo, haya ndiyo ningemwandikia mkuu wako. Robo hii: CPU moja yenye MMC mbili, kadi moja ya kila aina ya analogi inayosimamisha laini, kadi moja ya kutolea ishara ya kila aina, viunganishi, na usambazaji mmoja wa volti 24. Kadi za ingizo za dijitali zisubiri. Kisha mwombe asitenge fedha ya kununua kadi za miaka kumi kwa laini zote mbili. Aitenge kwa ajili ya kuhamishia laini moja, ile yenye hasara kubwa ikisimama, kwenye S7-1500, familia mpya zaidi ya PLC za Siemens. Siku itakapohamishwa, kadi zake zote zinakuwa akiba ya laini ya pili, na hazijakugharimu chochote zaidi ya kuzijaribu mezani na kuzifunga kwenye mifuko. Si lazima hata kazi yote ifanyike mara moja: CPU inaweza kubadilishwa kwanza, kadi za zamani zikabaki kwenye reli zikisomwa kupitia kichwa cha ET 200M (moduli yake ya mawasiliano), na waya za mashine zisiguswe hadi kusimama kwa mwaka. Kadi za analogi utakazozitoa zitakuwa na umri sawa na ile iliyokufa juzi, kwa hiyo hizo zihesabu kama nusu unapoandika idadi, na ile moja mpya ya wakala usiifute kwenye orodha.